Namna ya Kutafuta Kazi kwa Kuweka CV Kwenye Tovuti za Ajira

Watu wengi hufungua akaunti kwenye tovuti ya ajira, hupakia CV, kisha hukaa kusubiri simu. Wiki zikipita kimya, huamua kwamba tovuti hizo ni za kupoteza muda. Mara nyingi tatizo haliko kwenye sifa zao wala kwenye tovuti yenyewe. CV iliyowekwa mtandaoni haianzi kwa kusomwa, huanza kwa kutafutwa: afisa ajira huandika maneno machache kwenye kisanduku cha utafutaji, mfumo humletea orodha ya watu, naye hufungua majina machache ya juu. Asiyetokea kwenye orodha hiyo hasomwi, hata awe na uzoefu wa miaka 20. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiandaa CV ili ipatikane, mahali pa kuiweka, namna ya kuitunza iendelee kuonekana, na namna ya kujikinga na matapeli, ambao nao huzitembelea tovuti hizo kila siku.

Hatua ya kwanza: chagua kazi moja, kisha kusanya maneno yake

CV inayosema kwamba mwenyewe yuko tayari kufanya "kazi yoyote" haimfikishi popote, kwa sababu hakuna afisa ajira anayetafuta watu kwa maneno hayo. Yeye huandika "mhasibu", "fundi umeme wa viwandani", "muuguzi wa watoto" au "dereva wa malori". Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuamua cheo unachokitaka na kukiandika kwa jina linalotumiwa na waajiri wa fani hiyo, hata kama ofisi yako ya zamani ilikuwa na jina lake la pekee. Kama ulikuwa ukiitwa "balozi wa furaha ya mteja" na kazi yenyewe ilikuwa kupokea simu za wateja, andika "mhudumu wa wateja", kwa kuwa mabalozi wa furaha hawatafutwi na mtu.

Ili kuyajua maneno hayo, tafuta matangazo kumi hivi ya kazi unayoitaka, yabandike yote kwenye faili moja, kisha uyasome polepole ukiweka alama kwenye kila neno linalojirudia: majina ya programu za kompyuta, vyeti, leseni, aina za mashine, lugha, na vitenzi vinavyoeleza majukumu. Neno linalotokea kwenye matangazo mengi kati ya hayo ndilo waajiri watakalolitafuta, na kama uzoefu huo unao kweli, neno hilo liwemo kwenye CV yako kama lilivyoandikwa. Vyeti vinavyojulikana kwa kifupisho viandike kwa namna zote mbili, jina kamili na kifupisho, kwa sababu huwezi kujua mtafutaji ataandika lipi.

Nasisitiza kwamba uzoefu huo uwe unao kweli. Kujaza maneno usiyoweza kuyatetea kwenye usaili ni kujitafutia aibu. Wapo hata wanaoyaandika maneno hayo kwa rangi nyeupe chini ya ukurasa wakidhani ni ujanja. Mfumo ukishaigeuza CV kuwa maandishi matupu, rangi hupotea na maneno yote hubaki wazi mbele ya msomaji.

Mwenye fani mbili, tuseme ualimu na uhariri, aandike CV mbili tofauti. Kuzichanganya kwenye ukurasa mmoja humfanya aonekane nusu mwalimu na nusu mhariri, na waajiri wa pande zote mbili humpita.

Hatua ya pili: andika CV inayosomeka kwa mashine na kwa binadamu

Unapopakia CV, tovuti nyingi hazilihifadhi faili tu. Programu hulichambua, hutoa humo jina, simu, elimu, vyeo, majina ya waajiri na tarehe, kisha huingiza kila kimoja kwenye kisanduku chake. Waajiri wakubwa nao wana mifumo yao ya kupokea maombi, kama vile Workday, Taleo na Greenhouse, inayofanya kazi ya namna hiyo hiyo. Programu hizi husoma vizuri ukurasa ulionyooka kutoka juu hadi chini. Hubabaika zinapokutana na safu mbili zilizopangwa ubavu kwa ubavu, majedwali, visanduku vya maandishi, au namba ya simu iliyofichwa kwenye ukingo wa juu wa ukurasa. CV iliyopigwa picha kwa simu au iliyoskaniwa ina shida zaidi, kwa kuwa mifumo mingi huiona kama picha isiyo na neno hata moja ndani yake.

Lipo jaribio rahisi la kujua hali ya CV yako. Ifungue ikiwa katika PDF, chagua maandishi yote, yanakili, kisha yabandike kwenye programu ya maandishi matupu kama Notepad. Utakachokiona hapo kinakaribiana sana na kile kinachoonwa na mashine. Kama tarehe za kazi moja zimehamia kwenye kazi nyingine, kama namba ya simu imetoweka, au kama zile nyota ulizojipa kwa ujuzi wa Excel zimegeuka kuwa vimraba visivyoeleweka, rudi urekebishe mpangilio. Na nyota hizo, kwa maoni yangu, zifutwe kabisa: hakuna ajuaye nyota nne za Excel ni ujuzi wa kiasi gani, ilhali kila mwajiri anaelewa mtu anaposema kwamba aliandaa kwa Excel hesabu za mishahara ya wafanyakazi 60 kila mwezi.

Mpangilio ulio salama ni ule wa kawaida. Juu kabisa weka jina, cheo unachokitafuta na mawasiliano. Chini yake muhtasari wa sentensi mbili au tatu. Kisha uzoefu wa kazi kuanzia ule wa karibuni, elimu, vyeti, ujuzi na lugha. Vichwa vya sehemu viwe vile vilivyozoeleka, kama "Uzoefu wa kazi" na "Elimu", kwa sababu programu huvitumia kama alama za njia. Ukurasa mmoja humtosha anayeanza, na kurasa mbili huwatosha wengi waliobaki. Wahadhiri na watafiti, ambao huorodhesha machapisho yao, ndio wenye ruhusa ya kuzidisha. CV iandikwe kwa lugha ya tangazo unaloliomba. Anayelenga nchi za Umoja wa Ulaya anaweza kutumia Europass, mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka 2005, unaopatikana kwa lugha nyingi na unaofahamika kwa waajiri wengi wa huko.

Sehemu inayostahili muda mrefu zaidi ni uzoefu wa kazi. Chukua mfano wa mtu aliyeandika hivi: "Nilihusika na masuala ya stoo." Sentensi hiyo haitafutiki, na hata ikipatikana haisemi kitu. Mtu huyo huyo angeweza kuandika: "Mtunza stoo, ghala la dawa. Nilipokea na kukagua mizigo, niliingiza taarifa za bidhaa kwenye Excel kila siku, nilifuatilia dawa zilizokaribia kuisha muda wa matumizi, na niliongoza uhesabuji wa mwisho wa mwezi nikiwa na wasaidizi wawili." Hajaongeza uongo wowote. Ametaja tu kazi kwa majina yake, na sasa mwajiri anayetafuta mtunza stoo mwenye kujua Excel atampata, na akimpata ataona ukubwa wa kazi aliyoibeba. Idadi husaidia sana hapa: watu uliowaongoza, wateja uliowahudumia kwa siku, magari uliyoyatengeneza kwa wiki. Usibuni idadi; kama huikumbuki, eleza kazi bila idadi.

Ambaye hajawahi kuajiriwa asiiache sehemu hii tupu. Mafunzo kwa vitendo, kazi za kujitolea, mradi wa mwisho wa chuo na biashara ndogo aliyoiendesha mwenyewe, vyote ni uzoefu na vyote huandikwa kwa mtindo ule ule. Pengo la miezi au miaka bila kazi nalo lisizungushwe. Mstari mmoja unaosema kwamba ulikuwa ukimuuguza mzazi au ukisoma unatosha, na humzuia msomaji asijibunie sababu mbaya zaidi.

Linasambaa mtandaoni dai kwamba asilimia 75 ya CV hutupwa na mashine kabla ya binadamu kuziona. Dai hilo halina utafiti wa kuaminika nyuma yake, na mara nyingi hutajwa na wale wanaouza huduma ya kukuandikia CV. Mifumo mingi hupanga na kuchuja kwa masharti aliyoyaweka mwajiri. Kinachowaondoa waombaji papo hapo ni yale maswali mafupi ya mchujo yanayoulizwa wakati wa kutuma maombi: je, una leseni hii, una kibali cha kufanya kazi nchini humu, una miaka mingapi ya uzoefu? Jibu moja likipingana na sharti, mfumo unaweza kuyakataa maombi hapo hapo, hata CV iwe imepangwa vizuri namna gani. Maswali hayo yasomwe kwa utulivu kuliko sehemu nyingine yoyote ya fomu.

Ukimaliza, hifadhi faili kwa jina linaloeleweka, lenye jina lako na cheo unachokiomba. Afisa ajira aliyepakua mafaili 40 yanayoitwa "CV mpya" hatalikumbuka lako. Tuma PDF isipokuwa tangazo limetaka Word. Nakala ya Word unayoweza kuihariri ibaki kwako.

Hatua ya tatu: ondoa yasiyowahusu watu usiowajua

CV inayotumwa kwa mwajiri mmoja na CV inayowekwa wazi mtandaoni si kitu kimoja. Hii ya pili inaweza kufunguliwa na yeyote aliyejisajili kama mwajiri, na kujisajili huko mahali pengine hakuhitaji uthibitisho mkubwa. Ondoa namba ya kitambulisho, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya nyumbani, hali ya ndoa, dini na saini yako. Mji au mkoa unatosha kuonyesha mahali ulipo. Akaunti ya benki haina sababu yoyote ya kuwemo kwenye CV, na nakala za vyeti zisipakiwe hadharani. Mwajiri halali ataziomba wakati wake ukifika.

Majina na simu za wadhamini wako pia yaondolewe kwenye nakala ya mtandaoni. Hao ni watu waliokukubalia wewe, hawakukubali kupigiwa na kila mtu. Andika tu kwamba wadhamini watatajwa wakihitajika. Kuhusu picha, desturi hutofautiana: waajiri wa Marekani na Uingereza kwa kawaida hawaitaki kwenye CV, kwa kuogopa tuhuma za ubaguzi, wakati kwingineko bado inazoeleka. Ukurasa wa LinkedIn, mtandao wa wanataaluma, ni jambo jingine, maana huko picha ya uso yenye mwanga mzuri inatarajiwa.

Hatua ya nne: chagua tovuti chache zenye uzito

Tovuti hizi si za aina moja. Ziko zinazochapisha matangazo ya waajiri wanaolipia. Ziko zinazokusanya matangazo kutoka kwingine na kuyaweka pamoja, kama Indeed ilivyofanya tangu ilipoanza mwaka 2004. Uko mtandao wa wanataaluma wa LinkedIn, uliofunguliwa kwa umma mwaka 2003 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2016, ambako ukurasa wako wenyewe ndio CV. Na ziko tovuti za fani moja. Anayetaka kazi za misaada ya kibinadamu, kwa mfano, atapata zaidi kwenye ReliefWeb, inayoendeshwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya uratibu wa misaada, OCHA, kuliko kwenye tovuti ya jumla. EURES ni ya nafasi za kazi katika nchi za Ulaya. Watengenezaji wa programu, wauguzi, wahandisi na walimu nao wana tovuti zao, na ushindani huko mara nyingi ni kati ya watu wa fani badala ya umati.

Ushauri wangu ni kuchagua tovuti tatu hivi: moja kubwa ya jumla, LinkedIn, na moja ya fani yako. Aliyejisajili kwenye tovuti 15 hatazitunza, na CV za zamani zitabaki zikimtaja kwa cheo alichokiacha na namba ya simu aliyoipoteza. Kabla ya kuamua, ingia kama mgeni uandike cheo chako kwenye utafutaji. Ukiona matangazo mapya ya wiki hii, yenye majina ya kampuni na tarehe, tovuti iko hai. Ukiona matangazo ya miezi mingi iliyopita au yasiyotaja mwajiri, endelea na safari.

Tovuti nazo hufa. Monster, iliyoanza mwaka 1994 na kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa duniani, iliunganishwa na CareerBuilder, tovuti nyingine ya ajira, mwaka 2024, na mwaka 2025 kampuni hiyo ya pamoja ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi nchini Marekani. Kwa sababu hiyo usiiandike CV ndani ya tovuti pekee; nakala yako iwe kwenye kompyuta yako na mahali pengine pa akiba.

Hatua ya tano: fungua akaunti na ujaze kila sehemu

Anza na anwani ya barua pepe ya kutafutia kazi tu, yenye jina lako halisi, ili ujumbe wa waajiri usichanganyike na mengine na ili uweze kuifunga baadaye barua za matangazo zikizidi. Nywila iwe tofauti na ya akaunti zako nyingine, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe pale unapopatikana, kwani akaunti hii ina historia yako yote ya kazi.

Baada ya kupakia CV, tovuti itakuonyesha visanduku ilivyovijaza yenyewe. Usibonyeze "endelea" kwa haraka. Vikague kimoja kimoja, maana ndivyo vinavyotumika kuchuja, na ni jambo la kawaida kukuta chuo kimeingizwa kama mwajiri au mwezi wa kuanza kazi umekuwa mwezi wa kuacha. Jaza pia vile vinavyoonekana vidogo: eneo ulipo, kama uko tayari kuhama, aina ya mkataba, lini unaweza kuanza. Afisa ajira akichuja kwa "anaweza kuanza mara moja", aliyekiacha kisanduku hicho wazi anaweza kutoweka kwenye orodha bila kujua.

Mstari wa utambulisho unaokaa chini ya jina lako ndio unaoonekana kwenye orodha ya matokeo kabla mtu hajafungua ukurasa. LinkedIn inakuruhusu herufi 220, nafasi ya kutosha kabisa. "Natafuta fursa mpya" hupoteza mstari wote. "Mhasibu, miaka 6 katika usafirishaji, QuickBooks na kodi ya ongezeko la thamani" humweleza mtafutaji kwa nini akubonyeze wewe.

Kisha kuna mpangilio wa nani aione CV. Kwa kawaida utaweza kuiacha wazi kwa waajiri au kuificha, ukaitumia tu unapoomba nafasi mwenyewe. Asiye na kazi aiache wazi. Aliye kazini afikiri mara mbili, kwa sababu ofisi yake nayo inaweza kuwa na akaunti ya mwajiri kwenye tovuti hiyo hiyo. LinkedIn ina alama ya kutafuta kazi unayoweza kuionyesha kwa kila mtu au kwa maafisa ajira peke yao. Hata ukichagua njia ya pili, kampuni hiyo husema kwamba hujitahidi kutowaonyesha maafisa wa mwajiri wako wa sasa lakini haitoi hakikisho kamili. Ambaye kugunduliwa kungemletea matatizo asiiwashe alama hiyo, na kwenye tovuti nyingine aifiche CV yake.

Hatua ya sita: iweke CV hai, na uombe mwenyewe

Tovuti nyingi humpa mwajiri uwezo wa kuchuja CV kwa tarehe ya mwisho kuhaririwa, na mwajiri mwenye haraka huanza na zile za karibuni, akiamini kwamba wenye CV za mwaka jana wameshapata kazi. Kwa hiyo ingia kila wiki, boresha sentensi moja au ongeza ujuzi mmoja, kisha hifadhi.

Wakati huo huo usisubiri kutafutwa tu. Weka arifa za barua pepe kwa cheo chako na eneo lako, ukitumia majina mawili au matatu ya cheo hicho hicho, na utume maombi tangazo lingali jipya. Waajiri wengine huanza kusoma maombi siku za mwanzo na hufunga nafasi wakishapata watu wa kutosha. Ukilikuta tangazo kwenye tovuti ya mkusanyo, tafuta nafasi hiyo hiyo kwenye tovuti ya mwajiri na uombe huko. Utahakikisha nafasi ipo kweli na haijafungwa, na maombi yako yataingia moja kwa moja kwenye mfumo wake. Kitufe cha kuomba kwa mbofyo mmoja kinavutia, lakini kimewavutia wengine wote pia. Barua fupi ya maombi inayotaja nafasi hiyo na kuonyesha kazi moja uliyowahi kuifanya inayofanana nayo humpa msomaji sababu ya kukutenga na umati huo.

Andika kumbukumbu. Jedwali dogo lenye jina la mwajiri, cheo, tarehe ya kuomba, toleo la CV ulilolituma na nakala ya tangazo linatosha. Nakala hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu matangazo huondolewa yakifungwa, na mtu anayepigiwa simu ya usaili wiki tano baadaye bila kukumbuka aliomba nini huanza vibaya. Kumbukumbu hiyo pia hukuambia mahali pa kurekebisha. Kama hakuna anayekupigia, shida iko kwenye CV, kwenye maneno yake, au kwenye nafasi unazozichagua. Kama unaitwa kwenye usaili mara kwa mara lakini huchaguliwi, CV imeshafanya kazi yake na mazoezi yanahitajika kwingine.

Hatua ya saba: wapime wanaokutafuta

CV iliyo wazi itawavuta waajiri na matapeli pamoja. Soma ujumbe wa aina hii, ambao kwa sura moja au nyingine humfikia karibu kila anayetafuta kazi mtandaoni: "Tumeiona CV yako na tumevutiwa nayo sana. Umechaguliwa kwa kazi ya kuingiza taarifa ukiwa nyumbani, saa mbili kwa siku, uzoefu hauhitajiki. Wasiliana na meneja wetu kwa Telegram leo kabla ya saa kumi na mbili jioni." Umeambiwa wamevutiwa na CV, lakini hawataji hata neno moja lililomo ndani yake, na papo hapo wanasema uzoefu hauhitajiki. Umechaguliwa kabla ya kuhojiwa. Unahamishwa kutoka kwenye tovuti, ambako mazungumzo yanaweza kukaguliwa na kuripotiwa, hadi kwenye simu ya mtu asiyejulikana. Na umepewa saa chache ili usipate muda wa kuuliza.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni pesa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unawazuia mawakala binafsi wa ajira kuwatoza wafanyakazi ada au gharama, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, ingawa unaziachia nchi nafasi ya kuruhusu mambo machache kwa masharti. Umoja wa Mataifa nao hutangaza wazi kwamba hautozi malipo katika hatua yoyote ya kuajiri, iwe maombi, usaili au mafunzo. Anayekutaka ulipie fomu, sare, kipimo cha afya kwa daktari aliyemchagua yeye, au mafunzo kabla ya mkataba, mwache. Mwache pia anayekutumia pesa nyingi kuliko mlivyokubaliana kisha akakuomba urudishe ziada, na anayekulipa kidogo kwa kubonyeza alama za kupenda kisha akakutaka uweke pesa zako ili ufungue "kazi" kubwa zaidi. Kazi ya kupokea pesa au vifurushi kwa niaba ya wengine na kuvituma mbele ni hatari ya namna nyingine: unaweza kujikuta umeshiriki kutakatisha fedha, na akaunti iliyotumika ni yako.

Kuthibitisha mwajiri hakuchukui muda mrefu. Tazama neno lililo baada ya alama ya @ kwenye barua pepe yake, herufi kwa herufi, kwa kuwa matapeli hupenda kubadilisha herufi moja ya jina la kampuni inayojulikana. Tafuta tovuti ya kampuni mwenyewe, bila kutumia kiungo ulichotumiwa, kisha upige namba iliyoandikwa huko na uulize kama nafasi hiyo ipo. Huduma ya bure ya utafutaji ya ICANN, shirika linaloratibu majina ya tovuti duniani, itakuonyesha anwani ya tovuti ilisajiliwa lini. Kampuni inayodai kuwa na miongo miwili ya kazi huku tovuti yake ikiwa na wiki tatu ina maswali ya kujibu.

Kazi za nje ya nchi zikaguliwe kwa ukali zaidi. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba kuna makadirio ya kuaminika kuwa watu 120,000 hivi nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi katika janga hilo waliingia kwa matangazo ya kazi nzuri za ofisini, na miongoni mwao wamo wasomi wenye shahada na wajuzi wa kompyuta. Usipande ndege kwa viza ya utalii kwenda kuanza kazi. Dai mkataba ulioandikwa, mhakikishe wakala kwenye wizara inayosimamia kazi nchini mwako, na uache nakala za nyaraka zote kwa mtu unayemwamini.

Kama umeshatoa taarifa au pesa, iarifu benki yako siku hiyo hiyo, badilisha nywila, ripoti akaunti ya tapeli kwenye tovuti iliyomleta, na upeleke ushahidi wa mazungumzo polisi. Usiyafute mazungumzo kwa hasira.

Hatua ya nane: ukishapata kazi

Subiri mkataba uwe umesainiwa na pande zote mbili, kisha urudi kwenye kila tovuti uliyojisajili. Ifiche CV au uifute, zima arifa, ondoa alama ya kutafuta kazi, na uwaandikie kwa ufupi waajiri ambao bado wanayashughulikia maombi yako kwamba unajiondoa. CV iliyosahaulika mtandaoni inaweza kumfikia mwajiri wako mpya, ambaye atajiuliza kama umeshaanza kuondoka. Ukitaka taarifa zako ziondolewe kabisa, kufunga akaunti kwa kawaida kunatosha, lakini soma sera ya faragha ya tovuti kwa kuwa nyingine huhifadhi nakala kwa muda. Kanuni ya ulinzi wa taarifa ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, humpa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe, na tovuti zinazohudumia watu wa huko huwa na fomu au anwani ya maombi hayo.

Nakala yako ya Word ibaki mahali pake, na kila baada ya miezi michache iongezee majukumu mapya, programu ulizojifunza na vyeti ulivyovipata, pamoja na tarehe zake.